Miteremko Sita ya Kapteni Pole

Kitengo cha Kumbukumbu za Marubani
2 Juni

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya kazi, lakini inasafiri kwenye mfuko wa barua wa kampuni na hakuna atakayeifungua ila wewe, kwa hiyo naanza na ya nyumbani. Mama hajambo. Goti limepungua kuvimba, na ameanza tena kunigombeza kuhusu chumvi, ndiyo maana najua amepona.

Sasa ya kazi. Nimeanza ukaguzi wa nusu mwaka. Kanuni unaijua kuliko mimi, lakini naiandika kwa sababu faili halijui unachokijua wewe. Kila rubani awe ameshusha ndege kwa vyombo mara sita ndani ya miezi sita, akiwa ndani ya wingu au ukungu, haoni nje, anaongozwa na vipimo vilivyo mbele yake tu. Usukani uwe mikononi mwake. Aliyekaa kiti cha pili akimsomea vipimo hahesabiwi. Asiyefika sita haruki mpaka aingie kwenye mashine ya mazoezi mbele ya mkaguzi.

Fomu yako ina miteremko sita kamili. Fomu ya yule rubani msaidizi unayeruka naye mara kwa mara, binti mrefu, ina saba. Tatizo ni kwamba minne ni ileile. Tarehe 9 Januari, 14 Februari, 2 Machi na 21 Aprili: ndege moja, uwanja mmoja, saa moja, na kila mmoja wenu ameandika kwamba usukani ulikuwa kwake. Kwa miaka ishirini na mbili niliyokaa kwenye kiti hiki sijaona ndege iliyoshushwa na watu wawili kwa wakati mmoja ikabaki kwenye njia yake ya kutua.

Nadhani binti amejisahau. Niandikie mistari miwili nifunge suala hili kabla ya tarehe 30. Usinipigie simu. La faili linaandikwa, na wewe kwenye simu huwa unaniuliza habari za paka mpaka nasahau nilichotaka.

Dada yako,
Mama Rula (najua mnavyoniita)


Hosteli ya marubani, chumba namba saba
5 Juni

Dada, shikamoo.

Paka hajambo?

Nimefurahi kusikia Mama anagombeza. Mwambie nitakuja mwezi ujao, nikipangiwa siku mbili za mapumziko zinazofuatana, jambo ambalo mpangaji wetu wa zamu anaona ni anasa. Hapa chumba ni kilekile, dirisha linatazama maghala, na bomba la bafuni linadondoka tangu Pasaka. Nimeshamwambia msimamizi mara nne. Anaitikia vizuri sana, ana adabu, na bomba linaendelea. Nimeweka ndoo chini na sasa nafulia soksi kwa maji hayo.

Kuhusu fomu. Vijana wa siku hizi wana haraka, wanataka daftari lijae kabla ya kiti kupata joto. Lakini binti ni mzuri, Dada. Ana mkono mtulivu na hapayuki. Atakuwa kapteni, na atakuwa bora kuliko wengi wetu. Mimi nimejaza fomu yangu kama ninavyojaza siku zote. Kama kanuni inasema lazima mmoja afutwe, rula unayo wewe. Ila usimkalie kooni.

Mvua zimeanza huku. Tunachelewa karibu kila asubuhi.

Mdogo wako,
Kapteni Pole


Kitengo cha Kumbukumbu za Marubani
7 Juni

Kwa Rubani Msaidizi,

YAH: KUFUTWA KWA MITEREMKO MINNE

Baada ya kulinganisha fomu yako na ya kapteni wa safari, na baada ya kapteni kuthibitisha fomu yake kwa maandishi, Kitengo kimefuta miteremko yako ya tarehe 9 Januari, 14 Februari, 2 Machi na 21 Aprili. Umebakiwa na mitatu. Kuanzia tarehe 10 Juni huruhusiwi kuruka mpaka ukamilishe sita mbele ya mkaguzi. Nafasi ya kwanza kwenye mashine ya mazoezi ni tarehe 9 Julai.

Kwa kuwa kozi ya ukapteni inaanza tarehe 1 Julai na inahitaji faili lisilo na upungufu, jina lako limeondolewa kwenye orodha ya mwaka huu. Unaweza kuomba tena mwakani.

Ukiwa na maelezo, yalete kwa maandishi ndani ya siku saba. Saini nakala ya pili na uirudishe.

Mtunza Kumbukumbu


10 Juni

Kwa Mtunza Kumbukumbu,

Nimepokea barua yenu. Nakala ya pili nimeisaini, imo ndani.

Sina maelezo. Nina ombi moja. Kapteni apangiwe msaidizi mzoefu, hasa siku za mawingu. Asipangiwe mgeni. Kama hili si la ofisi yenu, naomba mlifikishe linakohusika.

Ahsante.

Rubani Msaidizi


Kitengo cha Kumbukumbu za Marubani
12 Juni

Mdogo wangu,

Nimemaliza suala la fomu. Nimemfuta. Na sasa nikuulize, huyo binti yako ana kichwa gani? Mtu amepoteza kozi ya ukapteni, kitu ambacho wenzake wanakilia machozi kwenye korido yangu, naye ananiandikia mistari mitano kana kwamba anarudisha kitabu cha maktaba. Halafu anaomba upangiwe msaidizi mzoefu, usipewe mgeni. Wewe. Mwenye miaka ishirini na sita angani, unayeitwa Kapteni Pole kwa sababu abiria hawajui kama wameshafika chini. Anadhani asipokuwepo yeye ndege itakataa kushuka?

Nilimsomea Mama akacheka kidogo tu. Akaniuliza binti huyo ana umri gani. Nikamwambia asianze mambo yake.

Yule mpangaji wa zamu nimempa ombi la binti hata hivyo, kwa sababu limeandikwa na mimi siwezi kutupa kilichoandikwa. Amesema hana mzoefu wa kukupa, utaruka na kijana mpya mpaka mwisho wa mwezi.

Nijibu kama bomba limetengenezwa.

Dada yako


Kitengo cha Kumbukumbu za Marubani
18 Juni

Mdogo wangu,

Barua yangu ya tarehe 12 hujaijibu, na wewe si mtu wa kukaa kimya ukichokozwa.

Tarehe 13 ulijiandikisha mgonjwa wa tumbo. Tarehe 14 ukaruka. Tarehe 16 tumbo tena. Jana ukaruka. Karatasi za wagonjwa hupita mezani kwangu, hukunitumia wewe. Nilikuwa nikuandikie kuhusu dawa ya tumbo, nikaona kwanza nichukue daftari la hali ya hewa. Tarehe 13, wingu zito mpaka karibu na ardhi. Tarehe 14, jua. Tarehe 16, wingu. Jana, jua.

Nikarudi nyuma. Nimekaa na daftari hilo siku mbili. Siku za jua, fomu za safari zinaonyesha wewe ndiye uliyeshusha ndege, karibu zote. Siku za wingu, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, kila mteremko ulioandika kuna mtu mwingine ambaye angeweza kuudai.

Kisha nikatoa barua yako ya tarehe 5. Nimeisoma kama ninavyosoma barua ya mtu nisiyemjua, kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ilipofika. Umeandika habari za bomba, ndoo na soksi. Umeandika kwamba umejaza fomu kama siku zote. Hakuna mahali ulipoandika kwamba ulishika usukani. Wala hukuandika kwamba yeye hakushika.

Nauliza sasa, na nataka jibu la mstari mmoja. Tarehe hizo nne, nani alikuwa na usukani?

Mtunza Kumbukumbu


Hosteli
21 Juni

Dada,

Yeye.

Hilo ndilo jibu la mstari mmoja. Yanayofuata unaweza kuyasoma au kuyaacha.

Mwaka juzi mwezi wa Novemba tulikuwa tunashuka ndani ya wingu, mimi na yeye, abiria mia moja na arobaini nyuma. Mwili wangu ukaniambia ndege imelala ubavu wa kushoto. Vipimo vilikuwa vinasema mabawa yako sawa. Somo la kwanza kabisa katika kazi hii ni kwamba ndani ya wingu mwili ni muongo, unafuata vipimo hata kama tumbo linakupigia kelele. Nimewafundisha hivyo watu zaidi ya thelathini. Siku ile niliufuata mwili. Nilizungusha usukani kulia, na binti akasema kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe sukari, "Kapteni, tulikuwa sawa, sasa tunaegemea." Nikarudisha. Haikuchukua sekunde tano. Tulishuka vizuri. Mama mmoja alinishika mkono mlangoni akanishukuru kwa kumshusha taratibu.

Nilidhani ni uchovu. Safari iliyofuata yenye wingu ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Sikusubiri niegemee. Nilimwambia, "Chukua wewe, upate uzoefu." Alichukua. Mara ya tatu nilipomwambia hivyo alinitazama, akachukua, na tangu hapo hajawahi kungoja nimwambie. Wingu likionekana mbele, mkono wake unakuwa tayari. Hatujazungumza habari hiyo hata siku moja.

Naogopa, Dada. Nikiona asubuhi imefunga wingu, shati linalowa mgongoni kabla sijafika kwenye gari la wafanyakazi. Huyo kijana mpya waliyenipa ana miezi mitatu kazini. Nikimkabidhi usukani ndani ya wingu zito nitakuwa nimewaua watu, na nikiushika mimi ni vilevile, basi naumwa tumbo.

Ile miwili mingine kwenye fomu yangu pia si yangu. Ni ya yule rubani wa masharubu ninayeruka naye mara mojamoja, ambaye hajazi fomu mpaka umwandikie barua tatu, ndiyo sababu hujaiona inagongana.

Nilijua utamfuta. Ulipoandika kwamba unadhani amejisahau nilikaa na kalamu tangu saa nane mchana mpaka kiza, kisha nikakuandikia habari za bomba. Nimebakiza miezi kumi na tisa nistaafu. Nilijiambia yeye ni kijana, atapata kozi mwakani.

Fanya utakavyoona inafaa.

Mdogo wako


Kitengo cha Kumbukumbu za Marubani
23 Juni

Mdogo wangu,

Usinitupie mimi. "Fanya utakavyoona inafaa" uliniambia pia ulipovunja dirisha la jirani ukiwa na miaka tisa, nikaenda mimi kuomba radhi, wewe ukaenda kucheza mpira.

Nilichokifanya ni hiki. Jana asubuhi nilikwenda kwa mkuu wangu wa kitengo nikamwambia kwamba nimefuta miteremko minne ya rubani bila kumuuliza swali hata moja, kwa sababu aliyekuwa upande wa pili alikuwa ndugu yangu. Kwenye barua ile niliandika "baada ya kapteni kuthibitisha". Hukuthibitisha kitu. Nilithibitisha mimi, kwa niaba yako, kichwani, nikiwa nakunywa chai. Mkuu ameniandikia onyo na limo kwenye faili langu. Ni karatasi ya kwanza ya aina hiyo, na nimeitoboa na kuipanga mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine anayejua faili zinakaa wapi. Faili lako limehamishiwa kwa mwenzangu. Ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo, lakini kila mwaka tulikuwa tunalifumbia macho kwa kuwa fomu zako hazikuwahi kuwa na shida.

Barua yako ya tarehe 21 iko kwenye mkoba wangu. Umeiandikia dada yako, na dada yako hawezi kuipeleka ofisini ukiwa hujui. Kwa hiyo nakuambia. Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya masahihisho. Ukiisaini, binti anarudishiwa miteremko yake minne na bado yuko ndani ya muda wa kozi. Wewe unabaki bila kitu, na utaitwa kwenye mashine ya mazoezi. Fomu hiyo isipofika mezani kwa mwenzangu kufikia saa nne asubuhi ya tarehe 26, napeleka barua yako kwa Mkuu wa Marubani kwa mikono yangu, na sitakuwa na la kumwambia Mama.

Nimekasirika sana. Siku ile ungeniambia yaliyokupata, mwaka juzi ule, ningekuja. Nina likizo siku arobaini ambazo sijawahi kuzitumia. Hicho ndicho kinachoniuma, na sijui nikiweke kwenye faili gani.

Mpaka hapo usiguse ndege, iwe jua iwe wingu.

Dada yako


27 Juni

Kwa Mtunza Kumbukumbu,

Nimepokea taarifa ya mwenzenu kwamba Kapteni amesaini masahihisho, miteremko yangu minne imerudishwa na jina langu limo kwenye kozi ya tarehe 1 Julai.

Mlinifuta bila kuniuliza. Naandika ili na hili liwe kwenye faili.

Naomba pia liwepo hili. Kwa miezi kumi na minane nilijua Kapteni hawezi kuruka ndani ya wingu, na sikumwambia mtu. Alinifundisha kila ninachokijua. Nilidhani nikiwa kando yake hakuna kitakachoharibika, na kweli nilipokuwepo hakikuharibika. Mliponisimamisha, sikulala siku sita, nikisikiliza kama kuna taarifa ya ajali. Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nimefanya nini. Ombi langu la tarehe 10 lilikuwa pungufu. Nilipaswa kuandika sababu.

Mkuu wa Marubani nimeshamwandikia. Amesema atanijibu kabla ya kozi.

Msalimieni Kapteni. Sijui nimwandikie nini.

Rubani Msaidizi


Hosteli
30 Juni

Dada, shikamoo.

Jana niliingia kwenye mashine, kwa nafasi ya mtu aliyeahirisha. Mkaguzi alikuwa yule mwenye sauti ya kukwaruza niliyesoma naye. Alinipa mkono, akaniuliza habari za watoto ambao sina, nikajua na yeye ana wasiwasi.

Unaijua mashine ile, uliwahi kuja na wageni. Ni chumba cha rubani kilichowekwa juu ya miguu ya chuma ndani ya ghala. Nilijua kwamba chini yangu kuna sakafu ya saruji na fundi wa umeme anakula karanga. Wakaweka wingu kwenye kioo. Kabla ya dakika mbili mwili ukaanza na ubavu wake wa kushoto. Nikatazama vipimo, vikasema sawa. Nikajiambia kwa sauti, sawa, mabawa yako sawa. Mkono ukaenda kulia. Niliutazama ukienda. Mkaguzi akasimamisha, akasema turudie. Tukarudia, tukaanguka mita mia nne kabla ya njia ya kutua, kama hilo ni neno la kutumia kwa kitu kilichofungwa sakafuni.

Mara ya tatu niliondoa mikono kwenye usukani nikaiweka mapajani. Nikasema siwezi. Mkaguzi ana fomu ambayo lazima aandike maneno ya rubani kama yalivyo, na hakuwa na kalamu, akaitafuta mfukoni, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaandika.

Mkuu wa Marubani ananiona Jumatatu. Sijui kama wanataka kuniadhibu, kunitibu au kunipa darasa, na sijamuuliza mtu. Nimefungasha chumba. Vitu vyote vimeingia kwenye masanduku mawili, sikutegemea.

Kuna jambo la kushangaza. Leo asubuhi kulikuwa kumefunga kabisa, ghala halionekani. Nilisimama dirishani na kikombe cha chai, nikaingoja ile hofu. Haikuja. Nilitazama wingu kama mtu mwingine yeyote anavyolitazama.

Binti anaanza kozi kesho. Nimemwandikia barua nne na kuzichana. Ya tano ina mstari mmoja wa kumwomba radhi, nimeitia kwenye mfuko wa kampuni kabla sijaichana na hiyo.

Mwambie Mama wewe. Mimi nitaharibu.

Mdogo wako


Nyumbani
2 Julai

Mdogo wangu,

Mwenzangu amefunga faili lako la nusu mwaka. Miteremko ya vyombo, sifuri. Kuruka, hapana. Ameniletea niangalie kama amepanga vizuri. Nilimwambia amepanga vizuri.

Nimemwambia Mama. Nilitayarisha maneno njia nzima na hayakuhitajika.

Unajua Mama halali mchana siku unazoruka. Au hujui, kwa sababu siku unazokuwepo hapa hujaruka. Kwa miaka yote hii, siku zako za zamu anakaa kwenye kiti cha sebuleni na redio imewashwa kwa sauti ndogo mpaka nimpigie simu kutoka ofisini kwamba umeshuka. Mimi nilichukulia ni mazoea. Nikamkuta kitini jana saa saba, nikamwambia huruki tena. Akauliza umeumia? Nikasema hapana. Akauliza wamekufukuza? Nikasema bado haijulikani. Akauliza, kesho je, na keshokutwa, hata kama wana upungufu wa watu? Nikamwambia hata hapo.

Alizima redio mwenyewe. Akaenda chumbani, nikasikia kitanda. Nilipika, nikaosha vyombo, jirani akaja akaondoka. Saa kumi na moja nilifungua mlango kumwangalia, nikaogopa, nikamsogelea mpaka nikasikia pumzi zake.

Alikuwa amelala.

Dada yako